Lori Likipata Moto Haliwaki: Tupime Kabla ya Kununua

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wenzetu wa Itungi, wilayani Kyela)



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na nyavu zenu mkaja kutusikiliza. Sisi si mafundi wa magari. Sisi ni wakulima wa mpunga na kokoa wa hapa hapa Itungi, watu kumi na wanane katika kikundi kimoja. Tumekuja kuwaeleza jinsi tulivyokaribia kumfukuza kazi mtu asiye na kosa, na jinsi tulivyokaribia kumaliza akiba yetu yote, kwa sababu ya lori moja lililokuwa likikataa kuwaka. Tutawaeleza pia jinsi daftari la kawaida, kama haya mliyoyashika, lilivyotutoa gizani.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kila mwaka tulikuwa tunawauzia mpunga wafanyabiashara wanaokuja na magari yao mpaka mlangoni. Bei wanapanga wao. Ukikataa, mpunga unabaki ndani na ada ya mtoto haingoji. Basi tukasema, tuchange fedha tununue lori letu. Tulichanga kwa misimu mitatu. Wako waliouza ng'ombe. Yuko mama mmoja aliyetoa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati ya nyumba.

Tukapata lori la dizeli la tani tatu na nusu, lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Tulikwenda kuliona asubuhi na mapema. Mwenye nalo akageuza ufunguo mara moja tu, likawaka. Tukazunguka nalo kidogo, tukaangalia matairi, tukahesabu fedha. Hapo ndipo tulipokosea, na tutarudi kwenye kosa hilo baadaye.

Kumbukeni njia yetu ilivyo. Ziwa Nyasa liko kwenye kimo cha mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko juu zaidi ya mita 1,500. Maana yake ni kwamba lori likitoka hapa na magunia, linapandisha mzigo ule zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na safari ya Mbeya bado haijaisha. Injini inafanya kazi kweli kweli, na inapata moto.

Safari ya kwanza tulifika Tukuyu vizuri. Dereva akazima, tukashusha magunia machache. Baada ya robo saa hivi akageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika. Akarudia, wapi! Maji yalikuwa yamejaa, na mshale wa joto ulikuwa katikati, kwa hiyo lori halikuwa limechemsha. Tukakaa chini ya mti zaidi ya saa nzima. Alipojaribu tena likawaka mara moja, kama vile hapakuwa na lolote.

Toka siku hiyo ikawa ndiyo tabia yake. Likiwa baridi, zuri. Likiwa na moto na likazimwa kwa dakika kumi au ishirini, haliwaki.

Kila mtu na dawa yake

Ndugu zetu, mnajua mgonjwa akilala, kila jirani ana mizizi yake. Wa kwanza alisema ni betri. Lori lile linatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa pamoja. Tukanunua betri mbili mpya. Fedha zikatoka, ugonjwa ukabaki pale pale.

Wa pili alikuwa fundi wa barabarani. Alilowesha kitambaa kwa maji, akakiweka juu ya pampu ya dizeli, akangoja kidogo, akapiga stata. Lori likawaka! Wote tukapiga makofi. Akasema, "Mmeona wenyewe. Pampu imekufa. Tafuteni nyingine." Tukauliza bei. Ilikuwa inamaliza akiba yetu yote, mpaka fedha za mbegu.

Wa tatu hakuzungumzia chuma, alizungumzia mtu. Alisema, "Tazameni kitabu cha dizeli. Mafuta yanayotumika yamezidi sana. Huyu dereva anauza dizeli yetu, halafu anasingizia lori." Kweli mafuta yalikuwa yamezidi. Dereva alijieleza kwamba akifika sokoni anaogopa kuzima injini, maana akizima hataondoka. Kwa hiyo aliiacha ikinguruma saa nzima au zaidi. Lakini nani angemwamini? Tena siku moja lori lililoachwa likinguruma mahali pa mteremko liliserereka likakanyaga tenga la nyanya la mama mmoja. Mungu alisaidia, mwenye tenga alikuwa amesogea pembeni. Hapo hasira zikapanda. Tukaitisha kikao tumwondoe dereva kazini.

Daftari

Dereva wetu ni baba wa watoto watano. Kusoma na kuandika alijifunzia ukubwani, katika darasa la watu wazima. Wengi wetu wazazi wetu walipitia njia hiyo hiyo baada ya mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengine tumepitia wenyewe.

Alisimama kikaoni, hakupiga kelele. Alisema, "Wazee wangu, na mama zangu, kama mimi ni mwizi mtanihukumu. Lakini kwanza someni hiki." Akatoa daftari mfukoni. Mama mweka hazina akalipokea, akasoma kwa sauti. Yalikuwa maneno machache machache, hivi:

"Jumatatu. Tukuyu. Nimezima saa tano na dakika kumi. Saa tano na nusu nimepiga stata. Inazunguka vizuri. Haliwaki. Hakuna moshi nyuma. Limewaka saa saba kasorobo.

"Jumatano. Nimezima, nimewasha hapo hapo. Limewaka.

"Alhamisi. Ibanda. Mvua kubwa. Nimezima dakika ishirini. Limewaka mara ya tatu.

"Jumamosi. Kyela. Haliwaki. Trekta limelivuta. Injini imezunguka kwa kasi. Haliwaki. Hakuna moshi.

"Njiani halijazimika lenyewe hata siku moja."

Kurasa kumi na moja zilikuwa hivyo. Kikao kikanyamaza. Tukaona kwamba mwizi hapotezi muda wake kuandika dakika. Tukakubaliana kuahirisha hukumu na kumwita fundi mmoja mtu mzima, aliyefanya kazi ya malori miaka mingi Mbeya.

Fundi alipofika hakushika spana. Aliomba daftari. Alilisoma lote, akarudia ukurasa wa trekta mara mbili. Ndipo akatuketisha akatufundisha, na haya ndiyo aliyotufundisha.

Injini ya dizeli inataka nini

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilijaribiwa na kufaulu mwaka 1897, alitumia njia nyingine. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Hapo dizeli inapulizwa ndani kama ukungu, inashika moto yenyewe. Kwa hiyo ili iwake inataka mambo matatu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe vizuri, na dizeli ifike kwa wakati wake.

"Sasa," fundi akasema, "tuliulize daftari. Stata inazunguka vizuri. Na hata trekta lilipoizungusha injini kwa kasi, haikushika. Basi betri na stata hazina kesi. Mlinunua betri bure."

Tukainamisha vichwa.

"La pili. Hakuna moshi. Dizeli ikiingia kwenye silinda isiungue, hutoka nyuma kama moshi mweupe. Ikiwa umepiga stata muda wote huo na hakuna hata moshi kidogo, basi dizeli haijaingia. Tatizo ni dizeli kutofika, lakini inafika likiwa baridi. Kwa nini?"

Mmoja wetu akajibu haraka, "Pampu imechakaa. Kitambaa kilionyesha."

Fundi akatabasamu. Alisema pampu iliyochakaa inaweza kweli kuleta ugonjwa wa namna hiyo. Vyuma vya ndani vya pampu vimesuguliwa vikaachana kwa nafasi ndogo sana, elfu chache tu za milimita. Unywele wa kichwani mwako ni mnene mara nyingi zaidi ya nafasi hiyo. Pampu ikichakaa, nafasi inaongezeka. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, inapenya ndani kwa ndani badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli. Ukiipoza, dizeli inakuwa nzito kidogo, lori linawaka.

"Lakini," akasema, "pampu iliyochakaa ukiizungusha haraka zaidi, mara nyingi hujikongoja ikashika. Hii ilivutwa na trekta ikakataa kabisa, hata moshi haikutoa. Hapo mimi nina shaka. Na hicho kitambaa chenu, mlikiweka wapi?"

Tukamwonyesha. Akaweka kidole nyuma ya pampu, kwenye kitu kidogo kama kifuniko cha chupa kilichofungwa na waya mmoja. Akatueleza kwamba hiyo ndiyo solenoidi, yaani koili ya waya yenye kipini cha chuma ndani. Ukifungua ufunguo, umeme unaingia, koili inakuwa sumaku, inavuta kipini na kufungua njia ya dizeli. Ukifunga ufunguo, springi inarudisha kipini, dizeli inakatika, injini inazima.

"Kitambaa kilipoza pampu, kikapoza na solenoidi. Walikuwa wawili, mkakamata mmoja."

Akaendelea. Waya wa shaba ukipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi. Kutoka nyuzi 30 mpaka nyuzi 100, shida hiyo inaongezeka kwa zaidi ya robo. Koili yenye moto inavuta kwa nguvu ndogo. Ikiwa na umeme wenyewe unafika kidogo, kipini hakisogei. Lakini kikishavutwa, kukishikilia pale pale kunataka nguvu ndogo kuliko kukivuta. Ndiyo maana njiani lori halizimiki.

Na kwa nini ukizima na kuwasha hapo hapo linawaka, bali baada ya robo saa linakataa? Injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na feni imesimama. Joto la chuma kikubwa halina pa kwenda, linahamia kwenye vitu vya jirani. Kwa hiyo dakika kumi au ishirini baada ya kuzima, pampu na waya zake zinaweza kuwa na moto kuliko zilipokuwa safarini. Siku ya mvua kubwa zinapoa mapema. Yote hayo dereva alikuwa ameyaandika bila kujua maana yake.

Tulivyopima

Fundi alisema hataki kununuliwa kitu mpaka ugonjwa uonekane. Tukapakia magunia, tukapanda nalo mlima, tukarudi mpaka Ibanda, tukaliegesha mahali tambarare. Mawe yakawekwa mbele na nyuma ya matairi, breki ya mkono ikavutwa, gia ikawekwa huru. Tukangoja dakika ishirini. Stata ikapigwa. Haliwaki. Safari hii tulifurahi!

Kwanza alituambia tunyamaze. Dereva akafungua ufunguo bila kupiga stata. Lori likiwa baridi asubuhi ile, tulisikia sauti ndogo kwenye pampu: tak! Sasa kimya.

Pili alichukua kipimo cha umeme. Kwenye betri kilionyesha volti 25. Kwenye solenoidi kilionyesha 14. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Tatu alichukua waya mpya wenye fyuzi, akautoa kwenye betri mpaka kwenye solenoidi moja kwa moja. Tak! Stata ikapigwa, lori likawaka kabla hatujahesabu mbili. Akauondoa waya, injini ikazima. Akarudia hivyo mara tatu, kwa sababu, alisema, mara moja inaweza kuwa bahati.

Kisha akaufuata waya wa zamani kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Karibu na injini akakuta mahali palipoungwa zamani. Mtu fulani aliukata waya akausokota kwa mkono na kuufunga kwa utepe mweusi. Ndani yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Unyevu wa kwetu huku mnaujua. Basi, ni hicho tu. Alikata pale, akaweka waya mzima, akaulehemu kwa risasi, akaufunga mbali na joto la bomba la moshi. Gharama yake haikufika bei ya gunia moja la mpunga, pamoja na ujira wake.

Lori lile bado linakwenda Mbeya. Likifika sokoni linazimwa, na kitabu cha dizeli kimerudi kwenye hesabu yake.

Tuliitisha kikao tena, watu wale wale waliokuwapo siku ya kumshtaki. Mwenyekiti akamwomba radhi dereva kwa niaba yetu sote. Yeye alisema, "Ndaga. Sasa nipeni daftari jingine, hili limejaa." Tukampa.

Mambo ya kushika

Ndugu wanakisomo, tusiondoke na wazo kwamba kila lori linalokataa likiwa na moto lina waya mbovu. Kila lori lina lake. Shikeni njia ya kuuliza.

Kwanza, sikilizeni stata. Ikizunguka kwa uvivu likiwa na moto, angalieni betri, vichwa vya betri, na waya mnene unaofungwa kwenye chasisi na injini. Stata yenyewe ikichakaa nayo huchoka kwa joto.

Pili, tazameni moshi. Stata ikizunguka vizuri na hakuna moshi, dizeli haifiki. Pimeni solenoidi na waya wake kwanza, maana ni rahisi. Angalieni filta, angalieni kama hewa inaingia kwenye paipu, angalieni kama tundu la kupumulia la tanki limeziba. Pampu iwe ya mwisho, na ipimwe na fundi mwenye mashine yake kabla ya kuhukumiwa. Moshi mweupe ukiwa mwingi, dizeli inaingia lakini haiungui. Hapo ulizeni habari za kubana hewa na nozeli.

Tatu, kwa gari la petroli maswali ni mengine. Angalieni kama cheche ipo, maana koili ya moto hufa ikipata joto ikafufuka ikipoa. Angalieni pia kama petroli inachemka kwenye paipu au kabureta.

Nne, usalama. Msifungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Msimwage maji baridi juu ya pampu au injini inayozunguka, vyuma vya ndani vinaweza kung'ang'aniana vikaharibika. Msiache injini ikinguruma bila mtu, wala msitegemee breki ya mkono peke yake kwenye mteremko. Tenga la nyanya linalipika, mtoto halipiki.

Tano, na hili ndilo kosa letu la siku ya kwanza: mkienda kununua gari lililotumika, msilijaribu likiwa baridi tu. Litembezeni nusu saa, ikiwezekana na mzigo na mlimani. Lizimeni. Kaeni dakika kumi na tano, ishirini, mzungumze habari za mavuno. Kisha mpige stata. Muuzaji akikataa kungoja, nanyi msikubali kuhesabu fedha.

Sita, andikeni. Saa mliyozima, saa mliyojaribu, stata inazungukaje, moshi upo au haupo, mvua au jua. Andikeni mlichokiona, si mnachodhani. Mashine za kukoboa mpunga na injini za mitumbwi zinaandikika vile vile.

Sisi katika kikundi chetu tumeweka sheria mbili mpya. Hakuna kifaa kitakachonunuliwa kabla ya kupima. Na hakuna mtu atakayeshtakiwa kikaoni kabla daftari lake halijasomwa kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho.

Lori liko nje pale, limetoka Tukuyu sasa hivi na bado lina moto. Anayetaka kusikia ile "tak" na aje tutoke pamoja.